Habari za Wazee Wakulima wa Shinyanga na Geita

Nchi ya Usukuma iko kusini ya Ziwa la Viktoria. Mtu atokaye Mwanza kwa gari la moshi kwenda Tabora huikata nchi hiyo katikati, na kabla ya kuimaliza hufika Shinyanga, ambako ardhi ni tambarare na mvua ni haba. Upande wa magharibi, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, iko Geita, nchi ya vilima na mvua nyingi zaidi, ambayo zamani ilikuwa ya Wazinza, Wasumbwa na Walongo zaidi kuliko ya Wasukuma, na ambayo sasa yajulikana mbali kwa sababu ya dhahabu yake. Mengi yameandikwa juu ya nchi hizi mbili. Walakini yaliyo mengi katika maandishi hayo ni habari za vitu: pamba, ng'ombe, mbung'o, almasi, dhahabu. Mkulima mwenyewe huonekana humo kama hesabu ya marobota au kichwa cha kodi, na mkulima aliyezeeka haonekani kabisa, ijapokuwa ndiye aliyeyaona yote hayo yakipita mlangoni pake.

Wazee wanaosemwa hapa ni wale waliozaliwa, kwa kukisia, baina ya mwaka 1920 na 1940. Wengi wao wamekwisha fariki, na waliosalia ni wachache. Aghalabu hawakuandikiwa siku ya kuzaliwa. Umri wa mtu ulijulikana kwa jambo lililotukia alipokuwa mtoto, au alipooa, au alipozaa: huyu alizaliwa mwaka wa nzige, yule alikuwa akichunga ndama reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, wa tatu aliolewa wakati wa vita ya Hitla, na mwanawe wa mwisho alimzaa katika zile mvua kubwa zilizokuja pamoja na Uhuru mwaka 1961. Karani wa kodi, asiyekuwa na nafasi ya kusikiliza maelezo hayo, alikisia mwaka akauandika. Mtu akilinganisha daftari la karani na maneno ya mzee, asidhani kwamba la kwanza ni elimu na ya pili ni ujinga. Daftari hutaja mwaka mtupu. Mzee hutaja mwaka pamoja na mzigo wake, maana kila mwaka aukumbukao ni mwaka alioamriwa kufanya jambo, au alionyimwa chakula, au aliohamishwa.

Katika Usukuma wa zamani uzee ulikuwa cheo. Kijana alianza katika elika, yaani kundi la vijana waliolima pamoja kwa ngoma na nyimbo chini ya mkubwa wao aliyeitwa nsumba ntale. Walipomaliza shamba la mtu, mwenye shamba aliwakirimu kwa nyama au kwa pombe. Ngoma ya bugobogobo, ambayo siku hizi huchezwa mbele ya wageni kwa kurusha majembe juu, ilitoka katika kazi hiyo, na wazee walioicheza shambani huwatazama wachezaji wa leo kwa kicheko kidogo, kwa kuwa jembe lirushwalo halilimi. Kijana akikua, akaoa, akapata mji wake na ng'ombe wake, aliingia polepole katika hesabu ya banamhala, ndio wazee wa kiume. Mkewe naye, alipokwisha kulea na kuoza, alihesabiwa miongoni mwa bagikulu, ndio wazee wa kike. Banamhala waliamua mashauri ya mipaka, ya mahari na ya matusi. Waliweza kumtoza mtu ng'ombe, au kumtenga hata asipewe hata kaa la moto na jirani yake. Mtemi hakuweza kutawala vizuri pasipo kusikilizana na wazee.

Jioni wanaume walikutana shikome, penye moto wa nje, na hapo watoto wa kiume walifundishwa nasaba, vitendawili, desturi na habari za watemi waliopita. Watoto wa kike walijifunza jikoni, kwa mama na bibi zao, na masomo yao yalikuwa mengine: mbegu ipi ya mtama hustahimili jua, uwele hupandwa lini, viazi hukatwaje na kuanikwa vikawa michembe, au huchemshwaje kwanza na kuanikwa vikawa matobolwa, ili nyumba ipate kitu cha kula katika miezi ya mwisho ya kiangazi. Tofauti hii ya mahali pa kujifunzia si ndogo. Wageni waliokuja baadaye na daftari zao waliketi shikome, hawakuketi jikoni. Hata Hans Cory, mtaalamu wa Serikali ya Kiingereza aliyeandika vitabu juu ya watemi (1951) na juu ya sheria na desturi za Wasukuma (1953), kazi ambayo ingali na manufaa makubwa, alizikusanya habari zake zaidi katika mabaraza ya watemi na wazee wa kiume. Yaliyojulikana na bagikulu yalibaki katika vichwa vyao, na itaonekana hapa chini jinsi vichwa hivyo vilivyotendewa.

Habari ya nchi hii, ukiichunguza vema, ni habari ya miti. Wako wanaosema kwamba jina lenyewe la mtemi latokana na kutema, yaani kukata msitu, kwa kuwa mtemi wa kwanza wa kila nchi alikuwa yule aliyefyeka mwitu na kuwapa watu mahali pa kukaa. Walakini waliokata walijua pia kuacha. Kila mji ulitenga ngitili, yaani kipande cha ardhi kilichofungwa mvua zianzapo, nyasi na miti ikamea pasipo kuguswa, kikafunguliwa katikati ya kiangazi wakati ng'ombe hawana malisho penginepo. Humo zilipatikana kuni, fito, dawa, asali na matunda. Palikuwa na ngitili za watu na ngitili za jamii nzima, na mipaka yake ilishikwa na kumbukumbu za wazee tu, bila ukuta wala hati.

Mbung'o ndiye aliyeharibu mizani hiyo. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa sotoka iliua ng'ombe wengi mno katika Afrika ya Mashariki, malisho yakarudi kuwa vichaka, na mbung'o akaingia katika vichaka hivyo. Waingereza walipoitwaa Tanganyika baada ya vita ya 1914–1918 walikuta sehemu kubwa ya Shinyanga imekwisha kuwa ya mdudu. Ndipo alipokuja C. F. M. Swynnerton, mtaalamu wa wanyama na mimea, akaifanya Shinyanga kuwa makao ya uchunguzi wa mbung'o mpaka alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Tangu miaka ya 1920 watu kwa maelfu walitoka kila kiangazi, kwa amri ya watemi wao, wakiwa na mashoka, wakakata na kuchoma vichaka maili kwa maili. Kazi hiyo haikulipwa mshahara kama kazi ya reli. Wazee waliozaliwa miaka hiyo waliwasikia baba zao wakiisimulia kwa fahari na kwa uchungu pamoja: fahari, kwa sababu mbung'o alirudi nyuma na ng'ombe wakapona; uchungu, kwa sababu iliyoondoka haikuwa miiba peke yake. Si haki kuilaumu kazi ile, kwani pasipo kuifanya Shinyanga isingekuwa nchi ya ng'ombe. Lakini mtu aliyefyeka hakuwa ndiye atafutaye kuni. Mwanamume aliona malisho. Mwanamke alianza kutembea mbali.

Baada ya shoka likaja zao la pamba. Wadachi ndio walioanza kuihimiza, na Waingereza wakaieneza. Katika kituo cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, zilipatikana mbegu zilizoweza kushindana na wadudu wa nchi hii, na baada ya vita ya pili ya dunia pamba iliongezeka upesi. Kila shamba jipya la pamba lilikuwa kichaka kilichokatwa. Tena palikuwa na amri ya kung'oa mashina ya pamba kila msimu yakiisha mavuno na kuyachoma, ili wadudu wasipate pa kujificha. Wanawake, ambao kuni za kweli zilikuwa zimekwisha kuwa adimu, waliyachukua mashina hayo wakayachomea jikoni. Bwana Shamba aliona amri yake inatiiwa, asiulize zaidi.

Habari za mzani ndizo zilizosimuliwa na wazee wa kiume kwa furaha kuliko zote. Mnunuzi alipima pamba kwa mzani alioujua mwenyewe, na mkulima asiyesoma alipokea shilingi alizopewa. Pamba safi iliweza kuitwa fifi, yaani ya daraja la chini, kwa neno moja la mwenye duka. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima walianza kuweka watu wao wa kuusoma mzani, na chini ya uongozi wa Paul Bomani vyama vyao vikaungana, hata mwaka 1955 ukaundwa Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Viktoria, uliokuja kusifiwa kama mmojawapo wa mikubwa kabisa iliyomilikiwa na Waafrika wenyewe. Mtu aliyekuwa kijana wakati huo aliikumbuka siku ya kwanza alipouona mshale wa mzani ukisimama mahali pake pa haki kama wengine wakumbukavyo siku ya Uhuru. Kwa wengi yalikuwa jambo moja.

Wakati huohuo Serikali ilileta mpango mkubwa wa kuendeleza Usukuma, ulioanza mwaka 1947. Katika mpango huo mlikuwamo mambo mema: malambo yalichimbwa, na maji yakapatikana mahali ambapo zamani watu walifukua mchanga wa mito mikavu. Lakini mambo hayo yalikuja yamefungwa pamoja na amri nyingi. Kulikuwa na amri ya kulima matuta na kuyazibia kati yake ili maji yasitiririke, amri ya kutia samadi, amri ya kupunguza ng'ombe, na kodi juu ya ng'ombe wenyewe. Watemi walitakiwa kuwatoza faini watu wao kwa makosa ambayo wala mtemi wala mtu hakuyaona kuwa makosa. Wazee walioishi siku hizo hawakubisha kwamba matuta huhifadhi maji. Walilobisha ni kulazimishwa, na neno walilolitumia ni kwamba Bwana Shamba alimfanya baba wa watu kuwa mtoto mbele ya wanawe.

Ardhi ya Shinyanga na Kwimba ikiwa imebanana, Serikali iliifungua Geita. Vichaka vilikatwa, mbung'o akafukuzwa tena, na maelfu ya Wasukuma wakavuka na ng'ombe wao kwenda kuanza upya. Kwa kizazi hiki kuhamia Geita ni tukio kubwa kuliko vita. Wengi wa wazee wa Geita wa baadaye walifika hivyo, wakiwa wachumba au wenye ndoa changa, na jembe, na mbegu katika kibuyu. Hao ndio waliokataa mwaka 1958, wakati Serikali ilipotaka kuwawekea baraza la wilaya la mataifa mchanganyiko. Chama cha TANU kilikuwa kimenyimwa ruhusa ya kufanya kazi Usukuma tangu mwaka 1954, lakini watu wa Geita hawakungoja ruhusa. Walikwenda Mwanza kwa makundi makubwa kumwona mkubwa wa Jimbo, wakakaa huko siku nyingi, hata polisi wakawatawanya kwa moshi wa kutoa machozi. Katika vitabu jambo hilo huhesabiwa kuwa hatua moja ya siasa ya Tanganyika kuelekea Uhuru. Katika masimulizi ya wakulima lilikuwa shauri la mtu asiyetaka kuhamia nchi mpya akayakuta mambo yaleyale aliyoyakimbia.

Juu ya dhahabu wazee hao hawana maneno mengi, na sababu yake ni rahisi. Kabla ya dhahabu, Geita ilisifiwa kwa chuma. Walongo waliyeyusha mawe ya chuma wakafua majembe, na majembe hayo yalichukuliwa mpaka Usukuma, yakalipwa hata katika mahari. Machimbo makubwa ya dhahabu ya Geita yalifunguliwa katika miaka ya 1930, na yakafungwa mwaka 1966. Huko Mwadui, karibu na Shinyanga, John Williamson, mtu wa Kanada, alipata almasi mwaka 1940. Vijana walikwenda kufanya kazi mahali pote pawili, kama wengine walivyokwenda Tanga kuwa manamba katika mkonge. Wakarudi na baiskeli, blanketi na kikohozi, wakanunua ng'ombe, wakaoa, wakashika jembe. Mgodi ulikuwa safari tu. Nyumbani palikuwa shamba.

Sasa Uhuru ulipokwisha kupatikana, mambo mawili yalitukia ambayo yaligusa uzee wenyewe. La kwanza ni kufutwa kwa utemi mwaka 1963. Watu wengi hawakulia, kwa maana watemi walikuwa wameharibiwa jina na faini za wakoloni. Lakini pamoja na kiti cha mtemi ilidhoofika pia nguvu ya banamhala, waliozoea kupeleka kwake mashauri mazito. Mwaka huohuo lilitolewa tangazo la sheria za mila, lililoandika kwamba mjane hana fungu katika mali ya mumewe ikiwa mume ameacha jamaa wa ukoo wake. Zamani mambo hayo yalizungumzwa na wazee, na mjane mzee aliyependwa hakukosa mtetezi; sheria iliyoandikwa haiwezi kumwonea mtu huruma.

La pili ni vijiji. Msukuma hakujenga bega kwa bega na jirani. Kila mji ulikuwa peke yake, umezungukwa na boma la minyaa, na mashamba yake yameuzunguka, na kati ya moshi wa mji mmoja na moshi wa mji wa pili palikuwa na mwendo. Mwaka 1974 operesheni ya kuwahamishia watu vijijini ilifika Shinyanga, nayo ilifanywa kwa haraka mno. Watu walipakiwa magarini na vyombo vyao, nyumba nyingine zikabomolewa ili wasirudi, wakapelekwa mahali palipopimwa kwa kamba. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati, maji ya bomba. Shule zilijengwa kweli, na wajukuu wa wazee hao wakasoma humo. Lakini miaka hiyo pia ilikuwa ya ukame na njaa, wakati nchi ilipolishwa mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, ambayo watu waliyaita Yanga kwa utani wa mpira. Vijiji vilikata miti ya kujengea nyumba zote kwa wakati mmoja, na miti yote iliyovizunguka ikaisha kwa kuni katika miaka michache. Ngitili za mababu zilibaki mbali, hazina mwenyewe, na kila aliyepita alikata.

Hapo ndipo panapofikiwa jambo ambalo wanaoandika habari za maendeleo hupenda kuliruka. Kuni zilipokwisha, wanawake wa Shinyanga walipikia mashina ya pamba, mabua ya mtama, na mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Vitu hivyo huwaka kwa moshi mwingi mkali. Jiko la Kisukuma ni chumba kidogo kisicho na dirisha, na mwanamke huinama juu ya moto huo mara mbili kwa siku tangu usichana wake. Baada ya miaka arobaini au hamsini macho yake huwa mekundu, yenye kutoa maji. Na katika nchi hiyo ilienea imani kwamba macho mekundu ya mwanamke mzee ni alama ya mchawi.

Wasukuma waliamini uchawi tangu zamani, kama walivyoamini watu wengi duniani, na Ulaya yenyewe iliwachoma wanawake wazee kwa maelfu katika karne ya kumi na sita na ya kumi na saba. Lakini zamani mtu aliyeshukiwa alikuwa na njia. Shauri lake lilipelekwa kwa wazee na kwa mtemi, na mara nyingi alifukuzwa tu, akahamia kwa mtemi mwingine akaanza maisha mapya. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilikataza watu kushtakiana uchawi, na kwa hiyo ikaliondoa jambo hilo katika baraza. Haikuliondoa katika mioyo. Utemi ulipokwisha, na watu wasiochaguana walipowekwa nyumba kwa nyumba kijijini, mtoto alipokufa kwa homa ama ng'ombe walipokufa kwa maradhi hapakuwa tena na mahali pa kuhama wala mtu wa kupatanisha. Palikuwa na mganga, aliyeulizwa, akaeleza sura ya adui. Na palikuwa na vijana walioweza kukodishwa na panga usiku. Simeon Mesaki, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, alionyesha kwamba baina ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania bara kwa kushukiwa uchawi, wengi wao wanawake, na kwamba karibu thuluthi mbili ya visa hivyo vilitokea Usukuma. Hesabu hiyo ni ya vilivyofika polisi.

Ukizitazama habari za waliouawa, mara kwa mara huonekana mjane mzee, mwenye kipande cha shamba la pamba ambacho jamaa wa mumewe wanakitaka. Haisemwi kwamba kila mauaji yalikuwa ya ardhi. Wauaji wengi waliamini kweli waliyoyasema. Lakini shuku haikuwaangukia wazee wote sawasawa. Mzee wa kiume mwenye ng'ombe na wana kumi alishukiwa mara chache.

Serikali haikunyamaza, ila ilikosea njia. Mwaka 1976 ilifanywa operesheni katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga kuwakamata wauaji, na watu wengi walitiwa mbaroni kwa kushukiwa tu. Baadhi yao waliteswa na kufa mikononi mwa polisi. Habari ilipotoka, Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwanzoni mwa mwaka 1977 ijapokuwa hakuwa ametenda jambo hilo yeye, na viongozi wengine wakajiuzulu pia. Kujiuzulu huko kumesifiwa sana katika Tanzania, na kunastahili sifa. Ni ajabu kidogo, walakini, kwamba watu wengi wajuao habari ya waziri hawajui kwamba mwanzo wake ulikuwa macho ya wanawake wazee. Miaka michache baadaye, yapata mwaka 1982, wananchi wenyewe wa Shinyanga na Tabora waliunda sungusungu, kwanza dhidi ya wezi wa ng'ombe, wakatumia tena mambo ya kale ya kutoza faini na kutenga. Wezi walipungua. Lakini sungusungu nao walitafuta wachawi, na bibi aliyeshukiwa aliwaogopa kama alivyowaogopa wenye panga. Mauaji hayo hayakukoma pamoja na karne. Yalisikika bado katika Shinyanga na Geita miaka ya 2000 na hata baada yake.

Pamoja na damu hiyo ilipotea elimu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa kilicho karibu, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kitabu kirefu cha maisha ya mume na mke wakulima, akieleza mambo ya shamba, jiko, ugonjwa na uzazi kwa ukamilifu wa ajabu, kwa sababu aliona kwamba wazee wanakufa nayo. Kikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980, yeye mwenyewe amekwisha kuwa mzee. Jikoni mwa Shinyanga hakuketi mtu kama huyo. Mbegu za mtama na uwele zilizochaguliwa na bagikulu kwa vizazi vingi zilisahauliwa mahindi yalipoenea, na mahindi hayapendi jua la Shinyanga. Wanawake wazee waliobaki walijifunza kukaa kimya. Bibi ajuaye dawa ya mtoto wa jirani hufikiri mara mbili kabla ya kuitoa: mtoto akipona atashukuriwa, asipopona atajulikana kuwa ndiye.

Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alizuru Shinyanga akasikitishwa na ukame wa ardhi yake, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI kwa ufupi, ukaendelea mpaka mwaka 2004. Mwanzoni wataalamu walileta miche ya miti ya kigeni katika vitalu, na mingi ikafa. Ndipo walipowauliza watu, na watu wakawapeleka kwa wazee, na wazee wakasema habari ya ngitili. Mipaka yake haikuwa imeandikwa popote. Ilitafutwa kwa miguu, mzee mbele na vijana nyuma, kutoka kisiki hata kichuguu. Ardhi ilipofungwa, migunga, mikwaju na mipingo iliota yenyewe kutoka katika mizizi iliyolala, pasipo kupandwa. Ngitili zilizokuwa zimesalia mwaka 1986 zilikuwa hekta mia kadhaa tu. Baada ya miaka kumi na mitano hivi zilikwisha kufika mamia ya maelfu. Wanawake waliotembea nusu ya siku kutafuta kuni waliweza sasa kuzipata karibu na nyumbani, na majiko yaliyojengwa kwa udongo, yenye kutumia kuni chache na kupunguza moshi, yakaanza kuenezwa katika baadhi ya vijiji vya Usukuma na watu waliofahamu kwamba kumlinda bibi kizee huanzia katika kuyalinda macho yake.

Geita imekwenda njia nyingine. Machimbo makubwa yalifunguliwa tena mwaka 2000 kwa mitambo ya nchi za nje, na mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Pembeni ya machimbo hayo, Nyarugusu, Mgusu na Rwamgasa, wachimbaji wadogo kwa maelfu huchimba mashimo yao katika mashamba ambayo wale waliovuka na ng'ombe katika miaka ya 1950 waliyafyeka kwa shoka. Mashimo hayo hushikiliwa na matimba, yaani magogo ya kuzuia udongo usiporomoke, na kila shimo hula miti mingi. Kambi zao hupikia mkaa. Bibi wa Geita, aliyekuja huko mwali wakati kuni zilikuwa mlangoni, humtuma mjukuu wake asubuhi kuzitafuta, na mjukuu hurudi jioni na mabua.